Shajara ya mradi: kioo cha njano kwa fedha, bila stika

Jumamosi, 2 Machi 2024. Chanzo chake

Nyumba ya mjomba kule Mji Mkongwe, Unguja, ina mlango wa zamani ambao juu yake kuna nusu duara ya vioo vya rangi, vyekundu, vya kijani na vya njano. Kipande kimoja cha njano kilipigwa mpira na watoto mwaka juzi, na tangu siku hiyo pale pana kipande cha boksi. Nimezunguka maduka ya vioo hapa Dar wiki nzima natafuta cha njano, kila ninayemuuliza jibu ni hilohilo, bandika stika. Stika ilishabandikwa pale mara moja, jua la pale halina utani, misimu miwili tu ikawa inajikunja kama ganda la kitunguu.

Nimechukua vigae vya kile kilichovunjika nikaviangalia ubavuni, njano imeingia mwanzo mpaka mwisho, maana yake kilitiwa rangi kikiwa bado uji tanurini. Hiyo siiwezi. Nilicho nacho ni tanuri dogo la umeme la kuchomea vyungu ambalo natumia kwa zamu na dada yangu, yeye ndiye mfinyanzi mwenye hilo tanuri, mimi mpangaji tu.

Njia iliyobaki ni ya fedha, madini ya fedha yenyewe, siyo pesa. Unachanganya chumvi ya fedha na udongo, unapaka kwenye kioo cheupe cha kawaida, unachoma mpaka karibu na pale kioo kinapoanza kulegea, kikipoa unaosha udongo wote na njano inabaki. Inabaki ndani ya kioo, siyo juu yake, ndiyo maana huwezi kuikwangua kwa kucha. Ufundi wenyewe ni wa zamani, mafundi wa Misri na Sham walikuwa nao tangu karne ya 8, kuna kikombe kilichochimbuliwa Fustat, yaani Kairo ya kale, chenye jina la gavana wa Misri wa mwaka 773. Ulaya wakaja kuutumia kwenye madirisha ya makanisa mwanzoni mwa karne ya 14. Wana hadithi yao kwamba mtawa mmoja wa karne ya 15 aliangusha kifungo cha fedha juu ya kioo kilichokuwa kinachomwa kikaacha doa la njano, hadithi tamu ila wakati huo madirisha ya njano yalishakuwepo zaidi ya miaka mia.

Manunuzi mpaka leo: silva naitreti (ndiyo hiyo chumvi ya fedha) gramu 25 kutoka duka la vifaa vya maabara, 210,000. Ndiyo, ni bei ya kuumiza, na hiyo ndiyo gharama kubwa ya mradi wote. Kaolini ya Pugu, ndiyo udongo wenyewe, nimepewa bure na dada. Kioo cha mm 4 ni mabaki ya fundi wa aluminiamu wa mtaani, kanitoza 5,000 kwa furushi zima. Almasi ya kukatia ninayo.

Jumamosi, 9 Machi. Maji ya kisima na vidole vya piko

Nilipima gramu 3 za silva naitreti, nikaweka kwenye kikombe cha plastiki, nikachota maji bombani nikamimina. Maji ya kwetu ni ya kisima, kila anayeishi Dar anajua chai ya maji ya kisima ilivyo. Papo hapo mchanganyiko ukageuka mweupe kama tui la nazi. Nikadhani dawa ni feki, nikamwaga yote kwenye karo nikiwa na hasira.

Makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, ule weupe ulikuwa chumvi ya kwenye maji imekutana na fedha ikatengeneza kloraidi ya fedha, haiyeyuki ndiyo maana ikaonekana kama tui. La pili na ndilo linaloniuma zaidi, kloraidi ya fedha nayo ni dawa ya njano, mafundi wengi wanaitumia hiyohiyo makusudi! Ningeikausha tu nikachanganya na udongo kazi ingeendelea. Elfu ishirini na tano hivi imeenda kwenye karo. Kuanzia leo natumia maji ya betri, yale yaliyotoneshwa ya kwenye chupa, 1,500 lita moja.

Halafu sikuvaa glavu. Silva naitreti ikigusa ngozi huoni kitu, ukitoka juani ndiyo inaanza kuwa kahawia halafu nyeusi, na haitoki kwa sabuni wala kwa petroli, unasubiri ngozi ijivue yenyewe. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekuwa kama vimepakwa piko. Shemeji kaniuliza harusi ya nani. Vaa glavu, na miwani pia, kwa jicho hii siyo ya kuchekea.

Mchanganyiko niliotulia nao: gramu 1 ya silva naitreti kwa gramu 6 za kaolini, maji ya betri mpaka iwe nzito kama uji wa kunywa. Inapakwa kwa brashi laini, inaachwa ikauke kabisa kabla ya kuingia tanurini.

Jumapili, 17 Machi. Uchomaji wa 1 na wa 2: nusu njano, nusu patupu

Vipande sita vya sentimita 5 kwa 5, vyote vimetoka kwenye kioo kimoja, dawa moja, siku moja. Nimechoma baada ya futari, nyuzi 600 kwa kusoma kwenye kontrola, kile kidude cha tanuri kinachopanga joto, nikashikilia nusu saa, nikaacha tanuri lipoe lenyewe mpaka asubuhi bila kufungua mlango.

Asubuhi naosha udongo, cha kwanza njano kama asali, nikapiga kelele dada akatoka nje. Cha pili hakuna kitu, labda ukikiweka juu ya karatasi nyeupe unaona kivuli cha ndimu. Cha tatu asali. Jumla vitatu vizuri na vitatu hewa.

Nikasema ni joto, tanuri halichomi sawasawa, chini kuna baridi na juu kuna moto. Uchomaji wa pili nikavipanga vyote sita katikati ya rafu, vimebanana kama abiria wa daladala. Viwili vikatoka asali, vinne hewa, na vilivyokuwa jirani kabisa vimegusana mabega kimoja kimeiva kingine hakijaiva. Hapo ilitakiwa nijiulize vizuri, ila mtu akishaamini ni joto anaona joto kila mahali.

Jumamosi, 23 Machi. Uchomaji wa 3: nimeunguza

Nimepandisha mpaka 650 nikashikilia saa nzima ili "kila kimoja kiive". Matokeo: vioo vyote vimebonyea vikafuata umbo la rafu, udongo umeng'ang'ania, na vile vilivyoshika rangi vimepita kiasi, ukivitazama dhidi ya mwanga ni kahawia chafu na ukivitazama kwa mbele vina ukungu wa bluu kama maji ya kuoshea mchele. Fedha ikiwa nyingi na moto mwingi chembe zake zinakua kubwa mno, hazichuji mwanga tena, zinautawanya tu. Hakuna kurudi nyuma, vyote sita jalalani.

Lakini kwa 650 kioo cha dirisha hakikutakiwa kubonyea kiasi kile, so nikaanza kuitilia shaka kontrola yenyewe. Kipimo cha maskini: aluminiamu safi inayeyuka nyuzi 660. Nikaweka kipande cha aluminiamu juu ya vigae viwili kama daraja, nikaweka kigae kidogo juu yake kama uzito (bila uzito ule utando wa juu wa aluminiamu unashikilia umbo hata kama ndani ni maji), nikachungulia kwenye tundu huku napandisha nyuzi 5 kila baada ya dakika kumi. Mara ya kwanza nilitumia kipande cha fremu ya dirisha, kikaanguka mapema mno, ndiyo nikakumbuka fremu za dirisha ni mchanganyiko na huo unalegea chini ya 660. Rudia kwa waya wa umeme wa aluminiamu ambao ni karibu safi. Daraja likaanguka kontrola ikisoma 625.

Kwa hiyo tanuri langu linasema uongo nyuzi 35. Ile 600 yangu ilikuwa 635 na ile 650 ilikuwa 685, ndiyo maana vikabonyea. Themokapo, yaani kile kipima joto cha tanuri, ilikuwa imekaa ndani ya ukuta, haijatokeza vya kutosha kwenye chumba. Kwa vyungu dada hajawahi kuona tofauti, kwa kioo nyuzi 35 ni kila kitu. Namba zote kuanzia hapa nimeshazisahihisha.

Jumamosi, 6 Aprili. Kumbe ni upande

Majibu nimeyapata kwa uzembe. Uchomaji wa 4, nyuzi 600, kipande kimoja kililowana dawa pande zote mbili kwa sababu nilikilaza kwenye meza chafu. Kikatoka asali. Nikasugua upande mmoja kwa msasa wa 1000 mpaka mkono ukachoka, njano haikupungua hata kidogo. Nikageuza nikasugua upande wa pili, ikaanza kuondoka mpaka kioo kikawa cheupe. Kipande kilekile, moto uleule, dakika zilezile, upande mmoja umekunywa rangi na mwingine umekataa. Basi siyo joto, ni upande wa kioo.

Maelezo yake ni haya, na ndiyo moyo wa shajara hii. Kioo cha dirisha cha siku hizi kinatengenezwa kwa kuelea, njia ambayo Pilkington wa Uingereza waliitangaza mwaka 1959: uji wa kioo unamiminwa juu ya bwawa la bati lililoyeyuka, unatanda wenyewe, unatoka upande wa pili umenyooka bila kusuguliwa. Bati hapa siyo bati la kuezekea jamani, ni madini ya bati yenyewe. Sasa ule upande uliolalia bwawa unakunywa bati kidogo, kina chake ni sehemu ndogo sana ya milimita, huoni chochote kwa jicho. Upande wa juu haukulalia bati, ndio unaoitwa upande wa hewa.

Fedha inaingiaje? Kioo cha dirisha kina sodiamu nyingi, oksaidi yake ni karibu asilimia 14 ya uzito, na kioo kikipata moto zile ioni za sodiamu, yaani chembe zake zenye chaji, zinakuwa kama watu kwenye foleni ya kituo, zinasogeasogea, hazijafungwa pale. Ioni ya fedha ina chaji sawa na ya sodiamu na ukubwa wake umepishana kidogo tu, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi yake na sodiamu inatoka kwenda kwenye udongo. Wanabadilishana viti. Lakini ioni ya fedha haina rangi! Ili iwe njano lazima ipewe elektroni iwe fedha kamili, halafu chembe zikutane zijikusanye vipande vya nanomita chache mpaka makumi (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), hivyo ndivyo vinavyomeza mwanga wa zambarau na bluu ukabaki wa njano. Na anayetoa elektroni ni nani? Bati. Lile bati lililonyweka upande wa chini linaipokea fedha mlangoni na kuipa elektroni. Upande wa hewa fedha inaingia vilevile, ila inakaa humo bila rangi mpaka ipate mtoaji mwingine, mfano chuma kidogo kinachokipa kioo ule ukijani wa ubavuni, na hiyo inakuwa polepole.

Ukitaka kuamini bila kuchoma chochote nenda kaangalie kioo cha nyuma cha gari, ile mistari ya hita. Ile ni fedha iliyochomewa kwenye kioo. Kwenye magari mengi ukiitazama kutokea nje inaonekana ya kahawia au ya chungwa, ni fedha hiyo imezama kidogo kwenye kioo. Nimetembea na mistari hiyo miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Kutambua upande wa bati: unahitaji taa ya urujuanimno (UV), upande wa bati unang'aa ukungu mweupe na wa hewa haung'ai. Hapa nimepoteza siku mbili. Niliazima taa ya kukagulia noti bandia kwa wakala wa pesa hapa mtaani, nikaimulika gizani, pande zote giza. Kumbe taa za noti nyingi ni nanomita 365 na hii kazi inataka 254, ile ya kuulia vijidudu kwenye vichujio vya maji. Nimenunua moja ndogo 28,000, na hapo ndiyo nikaona ule ukungu, waziwazi kabisa, kama mtu kapumua juu ya kioo. Usiitazame taa hiyo kwa macho makavu na usiimulike ngozi, vaa miwani, washa sekunde mbili zima. Kama huna hela ya taa, kata kipande cha pembeni, paka dawa pande zote mbili, choma, sugua kama nilivyofanya mimi, halafu weka alama kioo kizima kwa kalamu.

Nimerudi kwenye picha nilizopiga za mwezi wa tatu. Katika vipande kumi na viwili vya mwanzo, vitano nilipaka upande wa bati kwa bahati tu.

Jumapili, 14 Aprili. Umeme, na muda

Baada ya Idi nimerudi kazini. Mpango ulikuwa kupima muda: dakika 15, saa 1, saa 4, zote nyuzi 570, zote upande wa bati. Ile ya saa 4 umeme ukakatika ikiwa na saa moja na dakika arobaini. Mvua kubwa, nikajua basi. Sikufungua tanuri, likapoa taratibu, usiku umeme uliporudi nikawasha tena na dawa ikiwa bado juu ya kioo nikamalizia muda uliobaki. Kilitoka salama, hakuna ufa, na rangi ni nzito kuliko vyote. Fedha haijali kwamba ulipumzika katikati, ilimradi udongo haujaoshwa.

Kupima kina sina mashine. Nilichofanya ni kusugua kwa msasa mpya wa 1000 wenye maji, mkono mmoja, uzito uleule wa kipande cha chuma juu yake, nahesabu mpaka njano iishe. Cha dakika 15 kiliisha kwenye mara 40 hivi. Cha saa 1 mara 75. Cha saa 4 karibu 160. Yaani ukiongeza muda mara nne kina kinaongezeka mara mbili tu, na ndivyo kanuni ya upenyaji inavyosema, kina kinafuata kipeuo cha pili cha muda. Siyo maabara hii, lakini nilifurahi kama mtoto. Funzo la mfukoni: kuongeza masaa ni kula umeme wa LUKU bure, ukitaka rangi nzito ongeza nyuzi 15 au 20, joto lina nguvu kuliko muda. Ila ukikaribia 640 unarudi kwenye ule ukungu wa bluu.

Upande wa hewa nao nimeujaribu kwa makusudi, nyuzi 610 saa 1. Unatoa ndimu nyepesi, safi, sawasawa kila mahali. Upande wa bati unatoa asali, ila una mawingumawingu ukiutazama karibu. Kwa anayetaka njano nyepesi naona upande wa hewa ni bora, uvumilivu tu.

Jumamosi, 27 Aprili. Shaba, mrututu na kopo la makaa

Nikajaribu nyekundu, tamaa. Shaba inaingia kwenye kioo kwa njia ileile ya kubadilishana na sodiamu, na huko Bohemia karne ya 19 Friedrich Egermann alifanya biashara kubwa ya vioo vyekundu kwa dawa ya shaba. Nilitumia mrututu (salfeti ya shaba) wa dukani, 3,000, na kaolini, nyuzi 600. Harufu ya kiberiti ikajaa uani mpaka jirani akaja kuuliza tunachoma nini, fanya hii mahali pa wazi. Kioo kikatoka na ukijani wa mbali sana, basi.

Shaba inataka kunyimwa hewa ili igeuke kuwa metali. Nikaweka kipande kingine ndani ya kopo la maziwa pamoja na makaa yaliyosagwa, mfuniko umebanwa. Kimetoka na mabaka ya kahawia mekundu, kona moja ina wekundu wa kweli wa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kwingine masizi. Nimechoma mara tatu, kila mara baka linahama. Hii naiacha kwa sasa, atakayeipatia aniambie alibana vipi hewa.

Jumamosi, 11 Mei. Kipande cha mjomba

Kioo cha mwisho: mm 4, upande wa bati, dawa ile ya 1 kwa 6, mikono miwili ya dawa iliyopishana msalaba ili mawingu yapungue, kupandisha nyuzi 150 kwa saa, nyuzi 580 dakika 45, kushuka mpaka 540 na kukaa hapo nusu saa ili kioo kisijikaze ndani, halafu kuzima na kutofungua mpaka mkono uweze kugusa. Kabla ya hapo niliharibu viwili, kimoja nilikikata baada ya kukichoma kikaenda kombo. Kata kwanza, choma baadaye.

Nilivuka na boti ya asubuhi kipande kikiwa kimefungwa kwenye khanga. Tukaondoa boksi, tukasafisha mfereji wa mbao, kikaingia kwa kubana kidogo upande wa kushoto, nikakipunguza kwa jiwe.

"Hiki cha njano kuliko wenzake," mjomba akasema, kasimama uani kafunika macho.

"Wenzake wana vumbi la miaka, mjomba."

Akaleta ngazi tukaosha vyote. Bado cha kwangu kimezidi kidogo, ukitazama kwa makini utakijua, cha zamani kina ukijani fulani ambao cha kwangu hakina.

Hesabu mpaka leo: silva naitreti 210,000 (nimetumia gramu 11, tatu kati ya hizo ziko karoni), taa 28,000, vioo 5,000, maji ya betri 4,500, mrututu 3,000, glavu na msasa 9,000, umeme uchomaji kumi na nne kila mmoja kama uniti 7. Ukiondoa makosa yangu kipande kile kimoja kingegharimu chini ya 15,000 ya dawa na umeme.

Dawa iliyobaki imekauka kwenye chupa nyeusi kabatini, nitaiongezea maji nikihitaji. Maji ya kuoshea vioo simwagi tena, kwa sababu yana fedha na fedha inaua viumbe vya majini. Nimeyaweka kwenye ndoo nikatia chumvi ya jikoni, lile tui linashuka chini taratibu. Likijaa kiasi cha kutosha nalikausha nachoma nalo.